Toazi Likipasuka: Kwa Nini Moto Uwe Dawa ya Mwisho

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi wa kuchomelea na wapiga drami. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, wapiga drami, na ninyi viongozi wa vikundi vya muziki ambao mwisho wa yote ndio mnaolipa gharama, nawasalimu na nawashukuru kwa kunialika.

Swali mlilonipa ni fupi: je, toazi, yaani ile sahani ya metali ya wapiga drami, likipata ufa linaweza kuchomelewa? Jibu langu la kwanza nalo ni fupi: linaweza. Fundi mwenye mashine nzuri na mkono uliotulia hatashindwa kuunganisha kingo mbili za ufa. Lakini mteja anapokukabidhi toazi lake, amekuletea nini? Amekuletea kipande cha metali kilichoachana, au amekuletea sauti iliyopotea? Kama ni metali iliyoachana, kazi yako inakwisha pale ufa unapofungika. Kama ni sauti, basi kufungika kwa ufa hakujajibu lolote bado, kwa sababu sauti ya toazi haikuwekwa na kuungana kwa metali. Iliwekwa na maji na nyundo, na moto wa kuchomelea huvifuta vyote viwili. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo.

Sote tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi mafundi tumeifanya kuwa kanuni ya kazi: jicho likiona ufa, mkono unatafuta kitu cha kuujazia. Ukuta haulii, ndugu zangu. Toazi linalia.

Tukumbushane kwanza toazi limepitia nini kabla ya kufika mikononi mwetu. Matoazi ya daraja la juu hufuliwa kutokana na bronzi yenye shaba takribani asilimia 80 na bati takribani asilimia 20; nasema bati halisi, lile laini la kulehemia, si mabati ya kuezekea. Kengele kubwa nazo zina kiasi cha bati kinachokaribiana na hicho, na ndicho kinachoipa metali mlio mrefu na mkali. Lakini bati hiyo ina adhabu yake. Bronzi ya namna hii ikipoa polepole, inaposhuka chini ya nyuzi joto 520 hivi, sehemu yake hugeuka kuwa fuwele ngumu zenye bati nyingi, na fuwele hizo hazijui kupinda. Ukiipiga nyundo, inakatika kama kioo. Ukiipasha moto hadi iwe nyekundu kisha ukaizamisha ghafla majini, fuwele zile hukosa nafasi ya kujijenga, na metali hiyohiyo inakubali kufuliwa. Ninyi mliozoea feleji, chuma kigumu cha visu na patasi, mtaona ajabu, maana chenyewe hufanya kinyume kabisa: maji ndiyo hukifanya kiwe kigumu na chepesi kuvunjika. Ukoo wa Zildjian, ulioanza kazi hii Konstantinopoli mwaka 1623 na kuwa na kiwanda Marekani tangu 1929, ulijijengea jina juu ya ujuzi huo wa kuifanya bronzi yenye bati nyingi ikubali kazi bila kupasuka.

Baada ya maji huja nyundo. Kila pigo la nyundo huusukuma ukingo mmoja wa kishimo dhidi ya mwingine na kuacha mkazo ndani ya metali, na mikazo hiyo yote kwa pamoja ndiyo inayoamua kama toazi litalia kwa ukali au kwa upole, kama litafunguka haraka au litachelewa. Kisha hukerezwa, ndiyo maana tunaona ile mifuo ya mviringo kuanzia karibu na nundu ya katikati hadi ukingoni, ambako unene mara nyingi hubaki milimita moja hivi. Milimita moja! Kitu chembamba kiasi hicho, kilichojaa mikazo, kinapigwa na vijiti kila wiki, nasi tunashangaa kikipata ufa?

Sasa niwasimulie habari za kengele tatu, kwa sababu kengele na matoazi ni ndugu wa damu moja, na yale tunayobishania karakanani leo yamekwisha kujaribiwa juu ya kengele mbele ya macho ya ulimwengu.

Ya kwanza iko Köln, Ujerumani, katika kanisa kuu la mji huo. Ni kengele ya Mtakatifu Petro, yenye uzito wa takribani tani 24, iliyomiminwa mwaka 1923 huko Apolda na fundi Heinrich Ulrich. Mwaka 1951 iligunduliwa kuwa na ufa wenye urefu wa zaidi ya mita moja. Mwaka 1956 ufa huo ulichomelewa, na kengele ikarudi kazini. Kila ninapozungumzia jambo hili, hapa ndipo fundi mmoja huinua mkono na kusema: basi bronzi ya kengele inachomeleka, na kama kengele ya tani 24 imepona, toazi la kilo mbili litashindwaje?

Hoja hiyo ni nzuri, na inastahili jibu la kina. Wanaochomelea kengele huipasha moto kengele nzima polepole, hawapashi ufa peke yake. Hujazia kwa bronzi ya mchanganyiko uleule. Kisha huiacha ipoe taratibu sana, ili pasiwe na sehemu inayojikunja wakati jirani yake bado imetanuka. Mbinu hiyo inafaa kwa kengele kwa sababu kengele haikuzamishwa majini wala haikufuliwa. Ilimiminwa kwenye kalibu na kuachwa ipoe yenyewe, kwa hiyo zile fuwele ngumu zimo ndani yake tangu siku ya kwanza, na kuipasha moto na kuipoza polepole tena hakuipotezei kitu. Sauti yake inatokana na umbo lake na unene wake, na unene huo huhesabiwa kwa sentimita. Kengele unaweza kuirudisha katika hali yake ya kuzaliwa kwa kuipoza polepole. Toazi ukilipoza polepole, umelipeleka katika hali ambayo mfuaji alifanya kazi yote ile ili kuikwepa.

Kijana mmoja mpiga drami aliwahi kuniletea toazi lililokuwa limechomelewa na fundi mwingine. Sitaki mfikirie kwamba kazi ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri mno. Mshono ulikuwa umesuguliwa kwa msasa mpaka ukipitisha ukucha huuhisi, na rangi yake ilitofautiana na ya toazi kidogo tu. Nililining'iniza kwa kamba nikaligonga ukingoni kwa kifundo cha kidole. Upande wa pili wa mshono liliitika. Karibu na mshono lilisema tu "ko" na kunyamaza. Nikachukua lenzi. Kila upande wa mshono, mbali nao kwa milimita chache, palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, na mistari hiyo miwili ilikuwa ikikimbia sambamba na mshono kutoka ukingoni kuelekea ndani. Mshono wenyewe haukuwa na dosari yoyote. Ufa mmoja uliingia katika karakana ile, zikatoka nyufa mbili.

Kwa nini nyufa zilikaa pembeni na si katikati? Kwa sababu pembeni ndipo palipopata joto la kutosha kuua kazi ya maji na kazi ya nyundo, lakini hapakuyeyuka na kupata metali mpya. Ukanda huo ulipanda hadi kuwa mwekundu kisha ukapoa kwa mwendo wake wenyewe, na fuwele ngumu zikajijenga humo. Metali ya kujazia, ambayo kwa kawaida ni bronzi yenye silikoni kama asilimia 3, ni laini na inavumilia. Jirani yake sasa haivumilii. Kijiti kinapogonga, mtetemo unasafiri kwenye bamba, unakutana na mshono laini, unageuka, na anayelipia mgeuko huo ni yule aliye dhaifu kati ya wawili.

Yako pia matatizo ambayo ninyi wachomeleaji mnayajua kwa mikono kabla ya kuyajua kwa vitabu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, bati kwenye nyuzi joto 232 tu. Mchanganyiko wao hauendi kutoka uji hadi ugumu kwa hatua moja. Hukaa katika hali ya nusu uji kwa muda mrefu, ukiwa na nguvu ndogo sana, na wakati huo huo unajikunja. Ndiyo sababu wengi wenu mmesikia ule mlio wa "tik" dakika moja baada ya kuzima mashine, mkatazama na kukuta ufa mpya umejichora wenyewe bila kuguswa na mtu.

Je, nasema basi hakuna toazi la kuchomelewa? Hapana, sisemi hivyo. Yako matoazi yanayotengenezwa kutokana na bamba la bronzi yenye bati asilimia 8 tu, na kwa kiwango hicho zile fuwele ngumu si tatizo. Mara nyingi rangi yake inaelekea wekundu zaidi kuliko lile la asilimia 20, lakini usitegemee macho peke yake. Soma alama zilizogongwa juu yake, na mwulize mwenye mali. Hayo yanachomeleka kwa elektrodi ya tungsteni chini ya gesi ya argoni, kwa waya wa bronzi yenye fosforasi. Moto uwe mdogo kadiri unavyoweza kudhibiti, na chini ya ufa pawe na kipande kinene cha shaba cha kunyonya joto. Toboa kwanza tundu kwenye mwisho wa ufa, anzia mshono tunduni, umalizie ukingoni, na uende kwa vipande vifupi vyenye mapumziko. Utakachopoteza ni ugumu ule uliotokana na kufuliwa. Sehemu ya mshono itakuwa laini. Baadhi ya ugumu huo unaweza kuurudisha kwa kuufua mshono polepole juu ya fuawe iliyolainishwa uso, kwa mapigo mepesi mengi. Ni kazi ya subira, na sauti itakayorudi ni ya kufanyia mazoezi, si ya kurekodia. Mwambie mteja hivyo kabla hujashika mashine, wala si baada ya kumpa hesabu.

Yale ya shaba ya manjano, yanayokuja na seti za wanaojifunza, yana hatari nyingine, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu jambo hili linahusu mapafu yenu. Shaba ya manjano ina zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, karibu sawa na pale shaba hiyo inapoyeyuka. Ule moshi mweupe unaoinuka na kuacha vumbi jeupe mezani ni zinki iliyoungua. Anayeuvuta mchana anaweza kutetemeka kwa homa usiku, akadhani ameshikwa na malaria. Kama ni lazima uliunge toazi la namna hiyo, tumia lehemu ya fedha, ambayo hutiririka kwa joto la chini zaidi, na ufanye kazi mahali penye upepo wa kutosha. Mimi mwenyewe silipokei. Gharama ya lehemu ya fedha na muda wa fundi vinalizidi toazi thamani, na mteja huwa hajapigiwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo nikiletewa toazi zuri la asilimia 20 lenye ufa, nafanya nini? Nawapeleka kwenye kengele ya pili, ile ya Philadelphia, Marekani, ambayo Wamarekani huiita Kengele ya Uhuru. Ilimiminwa London mwaka 1752, ikapasuka ilipopigwa kwa majaribio baada ya kufika Philadelphia, na mwaka 1753 mafundi wawili wa huko, John Pass na John Stow, wakaimimina upya. Baadaye ilipata ufa mwembamba. Watu wengi wanaotazama picha yake hudhani kwamba ule mwanya mpana unaoonekana ndio ufa. Sivyo. Mwanya ule, wenye upana wa nusu inchi hivi, ni kazi ya mafundi. Mwaka 1846 waliupanua ufa kwa makusudi ili kingo zake zisigusane tena na ili usiendelee kutembea. Ikapigwa Februari mwaka huohuo kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwa George Washington, na ufa wa pili ukapita juu zaidi na kuinyamazisha moja kwa moja.

Wengine husimulia habari hiyo kama hadithi ya mafundi walioshindwa. Mimi naona walikuwa na nusu ya jibu. Kupanua ni sahihi: sauti mbaya ya toazi lenye ufa hutokana na kingo mbili kusuguana zinapotetema, na zikitenganishwa, mkwaruzo unakoma. Lakini ufa hauna maana kubwa katika urefu wake. Maana yake iko kwenye ncha. Ncha hiyo ni nyembamba mno, na mkazo wote wa bamba hukusanyika hapo. Ukiacha ncha hata moja, umeacha ufa wote.

Basi tafuteni ncha. Osheni toazi, pakeni mafuta mepesi juu ya ufa, yafuteni kwa kitambaa kikavu, kisha gongeni taratibu kwa kidole upande wa nyuma. Mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari, na mstari huo mara nyingi ni mrefu kuliko mlivyoona kwa macho. Wekeni alama milimita mbili au tatu mbele ya mahali mstari unapoishia. Lazeni toazi juu ya kipande cha mbao ngumu, mlibane kwa jiliwa lililofunikwa ngozi au kitambaa, na mtoboe tundu la milimita 3 au 4 kwa keekee inayozunguka polepole, biti likiwa kali. Biti butu husugua badala ya kukata, nasi tumekwisha kukubaliana kwamba joto si rafiki yetu. Baada ya hapo kuna hatua ambayo wengi huiruka: shikeni biti kubwa zaidi kwa mkono, bila mashine, na mzungushe mara chache kila upande wa tundu mpaka yale makali yaliyoachwa yatoke, kisha mpitishe msasa laini ndani mpaka ukuta wa tundu ung'ae. Mkwaruzo mmoja uliobaki ndani ya tundu ni ncha mpya.

Kama ufa umeanzia ukingoni na ni mfupi, sitosheki na tundu. Naukata wote: naondoa kipande chenye umbo la mwezi mchanga, chenye kona za mviringo, kwa msumeno mwembamba, nikimalizia kwa tupa na msasa. Toazi linabaki na pengo ukingoni ambalo kwa macho halipendezi, lakini lipige. Mlio wake unakuwa mkavu kidogo na mfupi kidogo, wala haukwaruzi. Ufa unaofuata mifuo ya kukerezwa una ncha mbili, kwa hiyo unataka matundu mawili, na mara nyingi unataka kukatwa kwa mwanya mrefu kati ya matundu hayo. Ukingo ulioharibika kote unaweza kukatwa wote, toazi la inchi 18 likawa la inchi 16, na hapo umepata toazi jipya lenye tabia yake, zito kuliko ukubwa wake. Ufa ulioingia kwenye nundu, huo sina dawa yake. Wapiga drami wengine huyabandika matoazi mawili mabovu moja juu ya jingine kwenye stendi na kuupenda ule mlio wa kuchakacha unaotoka, na mimi sina sababu ya kuwakataza.

Kengele ya tatu nitaipitia haraka. Ni ile kubwa ya mnara wa Bunge la Uingereza mjini London, Big Ben, yenye tani 13.7, iliyomiminwa mwaka 1858 na kupata ufa mwaka uliofuata, 1859. Hawakuichomelea, hawakuiteremsha. Mwanaastronomia wa Kifalme, George Airy, alishauri igeuzwe ili nyundo ipige mahali pasipo na ufa, nyundo yenyewe ibadilishwe iwe nyepesi zaidi, na pakatwe kipande kidogo cha mraba kuuzuia ufa usisonge. Kengele hiyo inalia hadi leo ikiwa na ufa wake.

Wapiga drami, habari hiyo ni yenu zaidi kuliko ya mafundi. Nani kati yenu amewahi kugeuza toazi kwenye stendi ili kijiti kisigonge mahali palepale mwaka mzima? Nani anajua kwamba ukipiga ukingo moja kwa moja, kijiti kikikutana nao kwa pembe ya mraba, nguvu yote inaingia katika ile milimita moja niliyoitaja, wakati pigo la kupitia kwa mteremko linaiacha nguvu isambae? Tazameni pia katikati. Fimbo ya stendi yenye uzi wa chuma inatakiwa kuvishwa mpira mwembamba, na toazi likae kati ya vipande viwili vya sufi nzito. Mpira ukipotea, uzi ule unafanya kazi ya tupa kila toazi linapoyumba: tundu la katikati linalika, linakuwa na umbo la tundu la ufunguo, na ufa unaanzia hapo kuelekea kwenye nundu, mahali ambapo nimewaambia sina dawa yake. Nati nayo msiikaze. Toazi lililobanwa haliwezi kuyumba, na nguvu ambayo ingetoka kwa kuyumba inageuka kuwa mpindo ndani ya metali. Kaza mpaka nati iguse sufi, kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja.

Wale walioleta matoazi yao wayaweke kwenye meza iliyo karibu na mlango, yale ya bronzi upande mmoja na ya shaba ya manjano upande mwingine, na kila mtu aandike kwenye karatasi mahali anapodhani ufa wake unaishia. Mafuta na lenzi viko tayari. Tutaanza na lile ambalo mwenyewe ana hakika zaidi.